Mwalimu Qu na Nyasi Zisizokanyagwa

Jumanne, tarehe 17 Oktoba 2017. Kulikucha na ukungu mwembamba kutoka baharini. Kufika saa mbili upepo wa kaskazini ulikuwa umeufagia wote, jua likatoka, lakini baridi ilibaki. Nyuzi joto kumi na moja. Mwalimu Qu Shuqin alifika shuleni kabla mlinzi hajafungua lango, akaenda kusimama nje ya uzio wa uwanja mpya, filimbi shingoni, akiangalia nyasi.

Nilimkuta hapo.

"Dada Qu, umelala hapa?"

"Usingizi utoke wapi, Kaka Chi? Lete ufunguo."

"Mkuu amesema uwanja ufunguliwe saa tatu."

"Basi tusimame wote wawili mpaka saa tatu."

Nyasi zilikuwa za plastiki, kijani kibichi kuliko nyasi yoyote ya kweli niliyowahi kuiona, na zilitandikwa mwezi Agosti. Tangu hapo hakuna mtoto aliyezikanyaga. Mkuu wa shule yetu, Bwana Luan, aliweka uzio na kufuli, na kwa kuwa mimi ni mtunza stoo nikakabidhiwa ufunguo. Alitaka wakaguzi wa ofisi ya elimu ya wilaya waukute uwanja ungali mpya. Wakati wa mapumziko watoto walipiga magoti kando ya uzio, wakaingiza vidole kwenye matundu ya wavu ili angalau wazishike hizo nyasi.

Siku hiyo wakaguzi walikuwa wanakuja. Wakiridhika, shule ingepewa kibao cha shaba cha shule ya mpira wa miguu, na kufuli lingefunguliwa. Hayo ndiyo makubaliano ya Bwana Luan na Mwalimu Qu tangu majira ya kuchipua: mwalimu aandae halaiki ya mpira, shule nzima, kila mtoto na mpira wake, kibao kikipatikana, uwanja utakuwa wa timu yake, na timu itacheza ligi ya watoto ya wilaya ikiwa kwao. Katika miaka thelathini ya kufundisha, timu ya Mwalimu Qu haikuwahi kuwa na kwao. Ilifanya mazoezi kwenye saruji nyuma ya chumba cha matangi ya maji moto. Ligi ilikuwa inaanza Jumamosi, na mwaka uliofuata angefikisha miaka hamsini na mitano, umri wa mwalimu mwanamke kustaafu. Kwa hiyo ile ndiyo ilikuwa timu yake ya mwisho.

Nimekaa ngazi moja na Mwalimu Qu kwa miaka mingi, yeye ghorofa ya tatu, mimi ya nne, na mengi ninayoyaandika niliyaona au niliyasikia mezani kwao.

Alizaliwa mwaka 1963 katika zile nyumba za matofali mekundu za wafanyakazi wa kiwanda cha meli. Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea. Katika jiji letu la Dalian, wakati ule, watoto walicheza mpira kwenye vichochoro vya mteremko, na timu iliyopangiwa upande wa chini ilianza na bao moja mkononi, kwa sababu ya mlima. Katika kundi lao yeye alikuwa msichana pekee. Walimkubali kwa kuwa mpira ulikuwa wake. Mama yake aliushona kwa vipande vya ngozi vya kiwanda cha viatu. Baadaye walimkubali kwa sababu nyingine. Mume wake, Baolu, aliyekulia kichochoro cha pili, husimulia mbele ya wageni jinsi alivyopigwa tobo tatu, mpira ukipita katikati ya miguu yake, katika mchezo mmoja na msichana mwenye nywele za kusuka.

"Zilikuwa nne," husema Mwalimu Qu.

"Ya nne ilinigonga kisigino."

"Ilipita."

Alipofika umri wa miaka kumi na tisa alichukuliwa na timu ya wanawake ya viwanda. Alicheza kiungo wa kushoto. Walivaa jezi za wanaume zilizopunguzwa kiunoni na kila asubuhi walipewa yai moja zaidi ya wafanyakazi wengine. Miaka minne ilipita hivyo. Kisha katika mkutano mmoja ikasemwa kwamba medali za michezo ya mkoa hupatikana kwa urahisi zaidi kwenye kutupa tufe na kupiga makasia, na fedha za timu zikahamia huko. Wachezaji walipiga makofi mwisho wa mkutano kama kawaida, wakarudisha jezi. Yeye alipelekwa chuo cha ualimu wa michezo, na mwaka 1987 akaja kwetu.

Mwaka 1994 nchi ikaanza ligi ya kulipwa, na jiji letu likashikwa na homa. Timu yetu ilikuwa inachukua ubingwa kana kwamba kombe limetengenezwa kwa vipimo vyake. Baolu, ambaye naye alikuwa akichomelea meli, alikuwa jukwaani kila mechi ya nyumbani, amejifunga kitambaa cha bluu kichwani. Mwalimu Qu alikuwa na watoto wengi mno. Wazazi waliwaleta wakiwa hawajamaliza kung'oa meno ya utoto, na wengine waliuza nyumba ili mtoto aende shule ya mpira ya kulala. Aliwaambia warudi nyumbani na nyumba wasiuze. Hawakumsikia.

Baadaye mambo yakageuka. Klabu iliuzwa, ikauzwa tena. Kila kampuni iliyoinunua iliipa jina lake, na Baolu alikuwa na mafulana kabatini yenye majina ambayo hakuna mtu anayeyakumbuka. Kote nchini zikaanza habari za mechi zilizopangwa matokeo, marefa wakafikishwa mahakamani, na wachezaji pia. Siku moja Baolu alirudi kutoka uwanjani wakati wa mapumziko, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mke wake alimuuliza kama anaumwa.

"Siumwi. Jirani yangu wa jukwaani kanitajia matokeo kabla kipa hajafungwa. Na yakawa hivyo hivyo."

Hakwenda tena. Kwenye uwanja wa shule nao watoto walipungua, kwanza wale wa kati, kisha wazuri. "Mpira mchafu, Mwalimu," walisema wazazi waziwazi. "Mwanangu atajifunza piano." Kuna mwaka Mwalimu Qu aliazima watoto wa mpira wa meza ili atimize timu ya watu wanane. Lakini hakuacha. Kila siku baada ya masomo filimbi yake ilisikika nyuma ya matangi, hata kama kulikuwa na watoto watano. Magoti yao yalikuwa na makovu ya saruji, na katika sanduku langu la stoo nilihakikisha dawa ya vidonda haiishi.

Kisha, kama upepo unavyogeuka hapa kwetu bila kuaga, mpira ukawa mwema tena. Safari hii homa ilitoka juu. Viongozi walisema taifa litakuwa taifa la mpira. Kampuni za kujenga na kuuza majumba zikaanza kununua wachezaji wa ng'ambo kwa bei zilizowafanya watu wacheke vinyozini. Shule ziliagizwa, na wakuu wa shule wakajua kwamba watapimwa kwa hilo. Wazazi waliokuwa wakinunua piano sasa waliuliza kama mpira una alama kwenye mtihani wa kuingia sekondari. Baolu alisoma yote hayo kwenye simu yake, akamwambia mke wake, akimwita kwa jina la mtoto wao, "Mama Ning, ukikaa sehemu moja muda mrefu, fasheni inakurudia."

Bwana Luan alipomwita Mwalimu Qu ofisini kumweleza habari ya halaiki, mlango ulikuwa wazi na mimi nilikuwa nikirekebisha bawaba ya kabati.

"Watoto wote, Dada Qu. Muziki, mistari iliyonyooka, mipira inainuka pamoja na kushuka pamoja. Shule nyingine zitaleta watoto ishirini wanaokimbia hovyo. Sisi tutaleta mia nne."

"Huo si mpira, Mkuu. Hiyo ni ngoma yenye mpira."

"Najua." Bwana Luan alivua miwani akaifuta. Naye ni mtoto wa jiji hili. Utotoni alikuwa akiruka ukuta wa uwanja kuona mechi. "Unadhani sijui? Lakini mkaguzi ana dakika ishirini. Katika dakika ishirini mchezo unaweza kuisha sufuri kwa sufuri. Halaiki haiishi sufuri kwa sufuri."

Mwalimu Qu alicheka, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichomshinda. Akakubali.

Kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba alishindwa kufanya kazi hovyo. Mwalimu mwingine angewapa watoto mipira waibebe kichwani na kuizungusha mikononi. Yeye alikaa kiangazi kizima akitafuta namna ya kuficha mpira wa kweli ndani ya ngoma. Mstari wa kwanza wakivuta mpira kwa wayo, mstari wa pili wakigeuka nao kwa upande wa nje wa mguu, na wote pamoja wakipiga danadana tatu kabla ya kuukamata. Darasa kwa darasa, kwenye saruji nyuma ya matangi, watoto wasiowahi kugusa mpira walijikuta wanaujua. Kati yao walikuwa watoto wake kumi na wanne wa timu, aliowatawanya kwenye pembe ili wengine wawaangalie. Mmoja, msichana wa darasa la tano anayeitwa Luo Yitong, ndiye aliyekuwa mbele kabisa katikati.

Saa tatu nilifungua kufuli. Watoto waliingia kwenye nyasi wakitembea kwa vidole vya miguu, kama waingiavyo kwenye nyumba ya watu. Wakaguzi walikuwa watano, wakiongozwa na Bwana Teng, naibu mkurugenzi wa elimu wa wilaya, mtu mnene mwenye sauti laini. Muziki ukaanza.

Nimeona mambo mengi kwenye uwanja wa shule ile, lakini sijaona jambo lililopendeza kuliko lile. Mipira mia nne ilivutwa nyuma kwa pamoja na sauti yake ikawa moja, kama mtu anayevuta pazia zito. Walipopiga danadana, hata waliokosa walikosa kwa mpangilio. Bwana Teng aliacha kuzungumza na aliye pembeni yake. Halafu akatoa simu akaanza kurekodi, na wengine wote wakatoa simu. Mwishoni alipiga makofi akiwa amesimama.

Nilimtazama Mwalimu Qu. Alikuwa amefurahi. Sioni sababu ya kuficha hilo. Uso wake ulikuwa mwekundu, na alimpungia Yitong mkono.

Chakula cha mchana kililiwa kantini, kama kanuni zinavyotaka, ila siku hiyo kantini ilikuwa na kambamti. Saa nane walimu tuliitwa ukumbini. Bwana Teng alisema shule imepata kibao. Tukapiga makofi. Akasema si kibao tu: shule yetu itakuwa mfano wa wilaya nzima. Tukapiga tena. Kuanzia wiki ile, kila Jumatano mchana na kila Jumamosi, wageni kutoka shule nyingine na miji mingine watakuja kutazama halaiki, na shule zote za wilaya zitajifunza kutoka kwetu. Mabasi ya wageni yataegeshwa nyuma ya chumba cha matangi. Uwanja ulindwe, maana picha zake zitakwenda mkoani. Mwalimu Qu atakuwa mkufunzi mkuu wa halaiki wa wilaya, na ofisi italipendekeza jina lake kwa daraja la mwalimu mwandamizi.

Makofi yalikuwa mengi zaidi safari hii, na ya kweli. Mwalimu wa michezo kupata daraja hilo ni jambo la nadra. Yeye alikuwa ameliomba mara kadhaa na kila mara likaenda kwa watu wa hisabati. Pensheni yake ingekuwa tofauti kabisa. Alisimama akainama kushukuru. Alipoketi tena nilimwona anahesabu siku kwa vidole juu ya goti, na nikajua kafika Jumamosi, siku ya kuanza ligi.

Saa kumi nilipeleka ufunguo ofisini kwa Bwana Luan, nikamkuta Mwalimu Qu yuko tayari pale, amesimama.

"Mkuu, Jumamosi tunacheza mechi ya kwanza. Hapa."

"Jumamosi kuna wageni."

"Basi Jumapili."

"Jumapili uwanja unapumzika. Keti, Dada Qu."

"Nyasi za plastiki zinapumzika?"

Bwana Luan aliangalia dirishani. "Nisikilize. Mtoto akivunjika mkono kwenye halaiki, nani aliwahi kusikia? Akivunjika kwenye mechi, mzazi atakuwa mlangoni kwangu na wakili, na Teng atauliza kwa nini shule ya mfano imevunja mtoto. Kabla ya kibao ningeweza kujificha. Sasa tunaonekana na kila mtu."

"Uliniambia kibao kikipatikana, uwanja ni wangu."

"Nilidhani tutapata kibao cha kawaida!" Alisema hivyo kwa uchungu hasa, kama mtu aliyeibiwa. "Wewe ndiye uliyefanya vizuri kupita kiasi."

Mwalimu Qu akauliza, "Na nyuma ya matangi?"

"Mabasi."

"Kwa hiyo watoto wangu wanafanyia wapi mazoezi?"

"Watoto wako sasa ni mia nne," alisema Bwana Luan kwa upole. "Chukua daraja, Dada. Umelisubiri. Mwaka mmoja tu, halafu unapumzika ukiwa na kitu mkononi. Nipe jibu leo jioni, nimpigie Teng kesho."

Tulirudi nyumbani pamoja kwa miguu. Njiani alinunua samaki wa kujazia jiaozi, zile sambusa zetu za kuchemsha, na alibishana na muuza samaki kuhusu macho ya samaki kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kwenye ngazi akaniambia, "Njoo kula, Kaka Chi. Leo Baolu atasema mengi, nataka awe na mtu mwingine wa kumwambia."

Baolu alikwisha kuiona halaiki. Ilikuwa kwenye simu za watu wote wa mtaa.

"Mkufunzi mkuu!" alisema, akimmiminia mke wake bia. "Nikusalimie kwa kuinama au kwa kupiga danadana?"

"Kata vitunguu."

Akakata. Mwalimu Qu alimweleza yote huku akikanda unga, tangu makofi hadi mabasi. Baolu alisikiliza, machozi ya vitunguu yakimtoka.

"Mama Ning, nikuambie kitu na usikasirike?"

"Nitakasirika. Sema."

"Ile halaiki ni nzuri. Nimeiangalia mara tatu. Lakini nikajiuliza: nani kafunga? Miaka yote ile jukwaani, tuliwachukia wale wenye kampuni kwa sababu gani? Kwa sababu walitaka kila kitu cha mpira isipokuwa mpira. Jina walitaka, picha, bendera, kukaa na mkuu wa jiji kwenye viti vya mbele. Mchezo wenyewe waliuogopa, maana hujui utaishaje. Ndiyo maana wengine waliupanga. Halaiki ni mechi iliyopangwa matokeo, ila hakuna anayefungwa jela."

Mimi niliangalia bakuli langu.

"Unanifananisha na watu wale," alisema Mwalimu Qu.

"Nakufananisha na mwenye tobo nne."

"Leo ni nne?"

"Leo ni nne."

Alifunga jiaozi kadhaa, akizibana kingo kwa nguvu. Kisha akaniuliza mimi. "Kaka Chi, wewe ungechukua daraja?"

Nikamwambia ukweli, kwamba ningelichukua. Nina mama mgonjwa na daraja ni daraja. Akatikisa kichwa kukubali, hakuonekana kunishusha.

"Hata mimi nalitaka," alisema. "Nalitaka sana. Msidhani silitaki." Akafuta mikono, akachukua simu, akaenda kusimama jikoni karibu na dirisha. Tulimsikia vizuri, maana nyumba zetu ni ndogo.

"Mkuu, halaiki mpe Mwalimu Miao wa ngoma. Ni kijana, anaipenda, na hatua zote anazijua. Na cheo cha ukufunzi mpe yeye... Ndiyo, najua daraja linafuata cheo... Hapana, sijakasirika. Mimi nataka timu yangu icheze... Nje ya shule, basi. Ligi inapokea timu za mitaa pia. Mechi zote tutacheza ugenini... Bila jina la shule. Sawa. Jezi za shule nitakurudishia kesho, zimefuliwa."

Aliporudi mezani, Baolu alikuwa amesimama, hajui afanye nini na mikono yake. Hatimaye akachukua sahani ya jiaozi akaibandika juu ya maji yanayochemka, sahani na vyote, akaikumbuka kabla haijaharibika.

"Timu bila jina," alisema. "Ipe jina la mtaa, Mama Ning. Kampuni inauzwa. Mtaa hauuzwi."

"Mtaa huu wamekwisha kuubadilisha jina mara mbili."

"Basi iite Jina la Tatu."

Tulikula. Kisha Mwalimu Qu akaandika kwenye kundi la wazazi wa timu, na majibu yakaanza kuingia kwa sauti, moja baada ya jingine, naye akayafungulia wote tuyasikie.

"Mwalimu Qu, heshima kwako, lakini bila jina la shule kuna cheti kweli?" Huyo alikuwa baba wa kipa.

"Hakuna cheti," alijibu kwenye simu.

"Na alama za mtihani?"

"Hakuna alama. Kuna mechi."

"Mwalimu, samahani, sisi tutabaki kwenye halaiki. Mtoto kawekwa mstari wa mbele, bibi yake keshawaambia watu wa kijijini."

"Hakuna tatizo, Mama Haoyu. Anacheza vizuri."

Wengine walijiondoa bila kusema, picha zao ndogo zikawa zinatoweka kwenye kundi. Kila moja ilipotoweka Baolu aliguna, na kila mara mke wake alimwambia anyamaze. Halafu ikaja sauti ya mama yake Yitong, ambaye anauza konokono wa baharini sokoni, na nyuma yake kulikuwa na kelele za ndoo.

"Mwalimu! Huyu hapa analia tangu saa ngapi sijui, kasikia timu inavunjwa. Inavunjwa au haivunjwi? Maana nikimpiga nataka niwe na sababu."

"Haivunjwi. Usimpige."

"Basi nyamaza we mtoto, haivunjwi! Mwalimu, mazoezi wapi?"

Mwalimu Qu aliweka simu mezani. Walikuwa wamebaki wanane, timu kamili ya watoto bila mtu wa akiba, na hawakuwa hata na mahali pa kupigia mpira.

Kulikuwa na sehemu moja tu, na sote watatu tuliijua, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuitaja: kiwanja cha saruji mbele ya jumba la sinema la zamani la kiwanda. Asubuhi na jioni kinashikiliwa na akina mama wa ngoma, wastaafu kama hamsini na spika yenye magurudumu. Kiongozi wao, Mama Xing, zamani alikuwa mwendesha winchi gatini. Vijana wa mpira wa kikapu waliwahi kujaribu kumhamisha. Walihama wao.

"Ukienda kumwomba atakukatalia," alisema Baolu. "Mwaka jana polisi wa mtaa alimwomba apunguze sauti, akaongeza. Yule hampi nafasi mtu asiyecheza naye."

"Nimemkwepa miaka yote hii," alisema Mwalimu Qu. "Kila nikipita ananiita. 'Mwalimu wa michezo, njoo unyooshe mgongo.' Nami hujifanya nazungumza na simu."

"Nenda, basi. Wewe si mkufunzi mkuu wa wilaya?"

"Tangu saa kumi na mbili jioni si mimi tena," alisema, na safari hii alicheka mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata, Jumatano, jua likiwa bado halijapanda juu ya paa la sinema, alivaa viatu vyake vya mpira vya zamani, akashuka ngazi peke yake, akaenda kusimama mstari wa mwisho wa akina mama wa ngoma. Hakuzijua hatua. Walipokwenda kulia alikwenda kushoto akamgonga mama mmoja mwenye upepeo mwekundu mkononi, akaomba radhi, akaendelea. Wimbo ulipokwisha Mama Xing alizima spika, akapita katikati ya mistari mpaka mbele yake, akamkagua tangu kichwani hadi miguuni.

"Mwalimu wa michezo," alisema, "mbona mwili mgumu hivyo?"

"Nifundishe, Dada Xing," alisema Mwalimu Qu. "Nami nina watoto wanane wanataka ile pembe ya kule, karibu na ukuta."

Mama Xing aligeuka akaitazama pembe, kisha akarudi mbele, akawasha spika. Mwalimu Qu akanyoosha mikono kama wenzake, akaanza upya kwa mguu wa kulia.